Intaneti moja, familia nne: Vifaa vya kununua na vya kuviacha dukani

WAPANGAJI wa nyumba moja kuchangia bili ya maji ni jambo la siku nyingi jijini Dar es Salaam, na kuchangia umeme wa LUKU kumeshazoeleka pamoja na ugomvi wake. Katika nyumba nyingi sasa umeongezeka mchango wa tatu, nao ni wa intaneti.

Familia tatu au nne za Sinza, Tabata au Kinondoni, sawa na wenzao wa majengo ya ghorofa jijini Nairobi, hukubaliana kulipia laini moja ya intaneti ya kasi na kuitumia pamoja kwa mawimbi ya Wi-Fi. Hesabu yake ni nyepesi kwenye karatasi. Ugumu huanza pale fundi wa mtoa huduma anapofunga mkoba wake na kuondoka.

Kisanduku alichokifunga hubaki sebuleni kwa yule aliyetia saini mkataba. Jirani wa mlango wa pili anapata intaneti nzuri, wa tatu anaipata akisimama kizingitini, na yule wa uani haipati kabisa. Mwezi wa pili, wa uani anasita kutoa mchango wake, na ni vigumu kumlaumu.

Hapo ndipo hutolewa wazo la kwenda Kariakoo kununua ruta kubwa zaidi, yenye antena nyingi. Fedha hutoka, ruta hufungwa, na wa uani hubaki pale pale alipokuwa.

Pima kwanza

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, wanaochangia wanapaswa kujua udhaifu uko wapi: kwenye laini au ndani ya nyumba. Kipimo chake hakihitaji fundi. Kompyuta mpakato huunganishwa kwa waya moja kwa moja kwenye kisanduku cha mtoa huduma, watu wengine wote wakiwa wamezima vifaa vyao, kisha kasi hupimwa kwa moja ya tovuti zinazofanya kazi hiyo. Kipimo hicho hurudiwa kwa Wi-Fi hatua mbili kutoka kwenye kisanduku, halafu tena katika chumba kilicho mbali kuliko vyote.

Iwapo waya unatoa megabiti 20 kwa sekunde kama mkataba unavyosema, na chumba cha mbali kinatoa 2, kasoro iko nyumbani na vifaa vinaweza kuiondoa. Iwapo hata waya unatoa megabiti 4, hakuna ruta itakayoziongeza. Hilo ni la kumuuliza mtoa huduma.

Ni vyema kupima mchana na kupima tena kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Laini nyingi za mkongo za majumbani hujengwa kwa teknolojia iitwayo GPON, ambamo uzi mmoja wenye uwezo wa takribani gigabiti 2.5 kwa sekunde hugawanywa kwa wateja 32 au 64. Kugawana, kwa hiyo, kulishaanza mtaani kabla hakujaingia ndani ya uzio.

Zipo pia siku ambazo kosa haliko mtaani wala nyumbani. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, watumiaji wa Tanzania, Kenya na Uganda walibaki na intaneti ya kusuasua huku taa za ruta zao zikiwaka kama kawaida.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni tofauti ya biti na baiti. Mtoa huduma huuza megabiti, lakini mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Laini ya megabiti 20 hushusha megabaiti 2.5 kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya gigabaiti 1 huchukua karibu dakika 7 endapo hakuna mwingine anayeitumia laini hiyo. Kutazama video ya ubora wa HD huhitaji takribani megabiti 5. Familia nne zikitazama kwa pamoja, laini hiyo imekwisha.

Ukuta ndio mpinzani

Nyumba za mijini katika Afrika Mashariki hujengwa kwa kumfikiria mwizi na jua, si mawimbi ya redio. Ukuta wa tofali za saruji za inchi 6 hudhoofisha mawimbi, na zege la ghorofa lenye nondo ndani yake huyadhoofisha zaidi. Chuma huyarudisha yalikotoka, iwe ni bati, mlango wa geti au friji. Maji huyanywa, na tangi la maji lililojaa ni kizuizi kikubwa kuliko ukuta. Hata kioo kirefu cha kabati la nguo, kwa kuwa mgongo wake umepakwa madini, humwekea kivuli aliye nyuma yake.

Ndiyo maana ruta iliyofichwa nyuma ya runinga, au kuwekwa sakafuni chini ya meza, hufanya kazi hafifu hata kama ni ya bei kubwa. Kuihamishia juu ya kabati, mahali pa wazi na karibu na katikati ya nyumba, hakugharimu kitu, na kwa nyumba ndogo ya vyumba viwili huenda kukawa ndiyo dawa yote inayohitajika.

Wi-Fi ya kawaida husafiri katika masafa mawili. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, lakini yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, na huzigombania pamoja na vifaa vya Bluetooth na hata jiko la maikrowevu. Katika jengo lenye ruta ishirini za majirani, chaneli hizo huwa kama daladala la asubuhi. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi zaidi na kasi kubwa zaidi, ila huchoka baada ya ukuta mmoja au miwili. Ruta inayofaa kununuliwa leo ni ile yenye masafa yote mawili. Zile za gigahezi 2.4 peke yake bado zinauzwa kwa bei ya kutupa, na ni heri ziachwe huko huko.

Kuhusu antena, wingi wake si nguvu. Kila nchi huweka kikomo cha nguvu ya kurusha mawimbi, na ruta yenye antena 8 hufungwa na kikomo hicho kama ile yenye 2. Zaidi ya hapo, mawasiliano ya intaneti ni mazungumzo ya pande mbili. Ruta ikipaza sauti hadi uani, simu iliyoko uani nayo lazima iweze kujibu, na simu ina antena ndogo na betri ya kutunza. Ndiyo maana simu huweza kuonyesha vijiti vya mawimbi lakini ukurasa usifunguke.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi

Mnunuzi hukutana na maandishi kama AC1200, AC1900 au AX3000, naye hudhani kuwa hiyo ndiyo kasi atakayoipata. Sivyo. Namba hizo ni jumla ya kasi ya kinadharia ya masafa yote mawili. AC1200 ni megabiti 300 za gigahezi 2.4 zikijumlishwa na 867 za gigahezi 5, kisha jumla ikaviringishwa kwenda juu. Simu moja kwa kawaida hutumia upande mmoja tu kwa wakati, na katika matumizi halisi hupata nusu ya upande huo au pungufu.

Yapo maandishi mengine, madogo zaidi, yanayostahili kusomwa kwa makini kuliko hayo. Ni yale yanayoeleza kasi ya matundu ya waya. Ruta nyingi za AC1200 za bei nafuu zina matundu ya megabiti 100. Kwa laini ya megabiti 20 au 50 hilo si tatizo. Kwa anayelipia megabiti 200, nusu ya fedha yake hukwama tunduni kila mwezi, na hakuna taa itakayomwambia. Huyo anahitaji matundu ya gigabiti 1.

Mwaka 2018 muungano wa watengenezaji, Wi-Fi Alliance, ulianza kutumia namba nyepesi badala ya majina magumu ya viwango. Wi-Fi 4 ni kile kiwango cha mwaka 2009, Wi-Fi 5 ni cha 2013, na vifaa vya Wi-Fi 6 vilianza kuthibitishwa rasmi mwaka 2019. Wi-Fi 7 ilifuata Januari 2024. Kwa familia zinazogawana laini ya chini ya megabiti 100, Wi-Fi 5 inatosha. Wi-Fi 6 ina maana pale penye simu, runinga na kompyuta nyingi katika chumba kimoja, kwani ilibuniwa mahsusi kuhudumia vifaa vingi kwa zamu fupi fupi. Kununua Wi-Fi 7 kwa ajili ya laini ya megabiti 20 ni sawa na kununua basi la mkoani kwa safari ya kwenda sokoni.

Wagawane waya, si mawimbi

Kosa kubwa la nyumba za pamoja ni kutaka Wi-Fi moja ifike kwa kila mtu. Njia iliyo bora, na ambayo mara nyingi haizidi bei ya ile ruta kubwa ya antena nane, ni kugawana waya: kila familia ivutiwe waya wa mtandao hadi mlangoni kwake, na iwe na ruta yake ndogo ndani.

Kwa mpangilio huo mawimbi hayalazimiki kuvuka nyumba nzima. Kila sebule ina chanzo chake, ruta jirani huwekewa chaneli tofauti kati ya zile tatu, na kila familia hujiwekea neno lake la siri. Mgeni wa mpangaji mmoja hawi tena mgeni wa wote.

Waya wenyewe ni ule wa daraja la Cat5e au Cat6, ambao hubeba gigabiti 1 kwa umbali wa hadi mita 100. Hapa ndipo mnunuzi anapaswa kufungua macho. Sokoni umejaa waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu, ambao nje huandikwa Cat6 kama wenziwe ingawa haukidhi viwango vya daraja hilo. Hukatika kirahisi unapokunjwa, na hupoteza nguvu ukiwa mrefu. Kuutambua ni rahisi: ncha ya uzi mmoja ikikwanguliwa kwa kisu, shaba halisi hubaki nyekundu hadi ndani, ilhali ule mwingine hutoa weupe. Boksi la waya wa alumini pia ni jepesi mkononi kuliko la shaba.

Waya unaopita nje, kutoka nyumba kubwa hadi vyumba vya uani, uwe ule wenye ganda la kustahimili jua, na usifungwe pamoja na nyaya za umeme. Majengo yakiwa mbalimbali, ni salama zaidi kutumia uzi wa mkongo kati yao, kwa kuwa haupitishi umeme wa radi kutoka jengo moja hadi jingine.

Njia nyingine zipo na kila moja ina bei yake. Kirudishi cha mawimbi, kile kidogo kinachochomekwa ukutani, ni cha bei ndogo, lakini chenye redio moja hupokea na kurusha kwa zamu na hivyo hupunguza kasi karibu kwa nusu. Seti za vifaa viwili au vitatu vinavyoshirikiana, maarufu kwa jina la meshi, hufanya kazi nzuri kwa familia moja yenye nyumba kubwa, na nzuri zaidi vikiunganishwa kwa waya. Vile vinavyopitisha intaneti ndani ya nyaya za umeme havishauriwi kwa wapangaji, kwani mara nyingi hushindwa kuvuka kutoka mita moja ya LUKU hadi nyingine.

Haki ya foleni

Nyaya zikishafika, linabaki swali la nani anamaliza kasi. Mtu mmoja anayepandisha picha 500 za harusi huweza kuharibu simu za video za nyumba nzima, si kwa sababu ametumia vibaya, bali kwa sababu kasi ya kupandisha katika laini nyingi ni ndogo na foleni yake hujaa. Maneno ya wengine hungoja nyuma ya picha zake.

Dawa ni kifaa kimoja cha kugawa, kinachokaa kati ya kisanduku cha mtoa huduma na ruta za familia, chenye uwezo wa kusimamia foleni. Ruta ndogo za MikroTik, kampuni ya Latvia iliyoanzishwa mwaka 1996, zinafaa kwa kazi hii, ingawa lugha yake ya mipangilio inahitaji fundi anayeielewa. Njia nyingine ni ruta inayokubali OpenWrt, programu huria iliyoanza mwaka 2004. Katika vyote viwili, fundi aulizwe kama anaweza kuweka CAKE au fq_codel, taratibu mbili za foleni zinazompa kila mtumiaji zamu yake. Kikomo cha jumla huwekwa chini kidogo ya kasi ya laini, mathalani megabiti 18 kwa laini ya 20, ili foleni ikae ndani ya kifaa hicho na si kwa mtoa huduma, ambako hakuna anayeisimamia.

Kwa utaratibu huo kila familia huweza kuhakikishiwa megabiti 4 wakati wote, na kuruhusiwa kupanda hadi 18 wengine wakiwa wamelala. Hilo hupunguza maneno kuliko kikao chochote cha wapangaji.

Usalama na mwenye mkataba

Lipo jambo moja katika mpangilio huu ambalo hata mafundi hulisahau. Ruta ya familia huzuia walio nje wasiingie, lakini haimzuii aliye ndani kutazama kifaa kilicho juu yake. Mwenye mkataba akiendelea kutumia Wi-Fi ya kisanduku cha mtoa huduma, majirani wote walio chini yake huweza kuifikia printa yake, kamera zake za ulinzi na mafaili aliyoyaacha wazi. Naye anapaswa kuwa na ruta yake kama wengine, na Wi-Fi ya kisanduku izimwe.

Ulinzi uwe WPA2 au WPA3. Ule wa kale uitwao WEP ulivunjwa tangu mwaka 2001. Kitufe cha WPS kizimwe kwenye mipangilio, kwani udhaifu wake ulitangazwa mwaka 2011. Neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, lile lililokuja nalo kutoka kiwandani, libadilishwe siku ile ile. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani. Kabla ya kununua, yafaa pia kuangalia katika tovuti ya mtengenezaji kama aina hiyo ya ruta bado inapewa masasisho, na kumuuliza muuzaji kama imeidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano, ambayo kwa Tanzania ni TCRA.

Suala zito zaidi ni la kisheria. Nje ya nyumba, familia zote nne huonekana kwa anwani moja ya intaneti, na anwani hiyo imeandikishwa kwa jina la mtu mmoja. Pakitokea kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, mlango wa kwanza kugongwa ni wa mwenye mkataba. Kifaa cha kugawa chenye kumbukumbu za muunganisho humsaidia kuonyesha ni ruta ipi ilikuwa ikitumika saa hiyo. Hali kadhalika, kuchangia gharama na kuuza huduma ni mambo mawili tofauti: mikataba mingi ya majumbani hukataza kuuza tena, na kutoa huduma ya mawasiliano kibiashara bila leseni ni kosa chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010.

Umeme unapokatika

Mkongo wenyewe hauhitaji umeme wa nyumbani. Kisanduku na ruta ndivyo vinavyouhitaji. Vingi hutumia volti 12, na vidogo hivi vya akiba ya umeme vinavyouzwa kwa ajili ya ruta hufaa, mradi volti zilingane na lebo ya adapta. Namba ya mAh isimdanganye mtu. Hupimwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, hivyo mAh 10,000 ni kama wati 37 kwa saa moja. Kisanduku, kigawaji na ruta moja vikila wati 15 kwa pamoja, akiba hiyo ni ya saa mbili hivi. Kila familia hujitafutia ya ruta yake, lakini ya kisanduku na kigawaji ni ya wote, na iingizwe katika mchango tangu mwanzo.

Ruta ya zamani inayoondolewa huweza kuhamishiwa kwenye chumba kingine na kuunganishwa kwa waya kama kirusha mawimbi, ikiwa bado inapata masasisho. Ikiuzwa au kutupwa, kitundu cha kuirejesha katika hali ya kiwandani kibonyezwe kwa pini kwa sekunde 10 hivi hadi taa zizime na kuwaka upya, kwa kuwa jina la mtandao na neno la siri la nyumba hubaki ndani yake hata ikikaa mwaka mzima bila umeme.